Kumsoma koa ndani bila kumpasua

Koa wa bahari ni konokono aliyeachana na gamba. Akiwa lava wengi wao bado wanalo, dogo la kuonekana kwa hadubini tu, kisha wanalivua na kuishi maisha yao yote wakiwa wazi. Kwa mtafiti hapo ndipo shida inapoanzia. Konokono wa kawaida akifa, gamba lake hubaki ufukweni miaka na miaka, na yeyote atakayeliokota anaweza kulipima na kulilinganisha na mengine. Koa akifa huoza. Akitiwa kwenye spiriti hunywea, rangi zake zinapotea, na baada ya muda kilichomo chupani ni kinofu cheupe ambacho hata aliyemkamata hawezi kuapa kwamba ni yeye.

Ndiyo maana wataalamu wa koa hawaridhiki na sura ya nje. Wanaingia ndani. Karibu koa wote ni huntha: mnyama mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na jinsi mirija ya uzazi inavyoachana na kuungana tena ndani ya mwili hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo. Wanatazama pia mafundo ya neva yaliyozunguka koo, moyo ulivyokaa, na radula, yaani ule utepe wa meno madogo mdomoni ambao konokono hukwangulia chakula. Bila hayo, jina la spishi mpya linabaki kuwa dai tu.

Sasa chukua kwamba koa mwenyewe ni adimu. *Bathydevius caudactylus* anaogelea kwenye giza la Bahari ya Pasifiki, kati ya mita 1,000 na 4,000 kwenda chini. Watafiti wa taasisi ya MBARI ya California walimwona mara ya kwanza Februari 2000 kupitia kamera za chombo kinachoongozwa kutoka melini, na Bruce Robison na Steven Haddock wakamtangaza rasmi mwaka 2024. Katika miaka yote hiyo alionekana mara zaidi ya 150 kidogo. Tena huyo ana bahati, kwa sababu wapo koa wanaojulikana kwa sampuli mbili au moja. Sampuli ambayo jina la spishi limefungwa kwake huitwa holotaipu, na ikishapasuliwa imepasuliwa. Mtafiti wa kizazi kijacho mwenye swali jipya atakuta michoro ya aliyemtangulia na mabaki.

Njia ya zamani haikuwa ya kubahatisha, nisieleweke vibaya. Kwa koa mkubwa ilikuwa sindano na koleo chini ya hadubini. Kwa mdogo ilikuwa kumgandisha ndani ya gundi ngumu, kumkata vipande vyembamba mno, kuvitia rangi na kuvipanga juu ya vioo. Koa wa milimita 3 akikatwa vipande vya mikromita 1.5 anatoa vipande 2,000, na kila kimoja hupigwa picha, hulinganishwa na cha jirani yake, kisha kila kiungo huchorwa upya kwenye kompyuta. Michael Schrödl na wenzake wa Munich wamefanya kazi hiyo kwa koa wadogo waishio kati ya punje za mchanga, na kwa kuona mambo madogo kabisa njia hiyo haijashindwa hadi leo. Bei yake ni mnyama mwenyewe.

Nayaandika haya Mwanza, ambako bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na Ziwa Victoria halina koa wa aina hiyo. Wachache walioingia maji baridi wanaishi zaidi kwenye mito ya visiwa vya Pasifiki, na mmoja kisiwani St. Vincent katika Karibi. Lakini teknolojia ninayotaka kuieleza, maikro-CT, inayotumia eksirei kuona ndani ya mnyama mdogo bila kumpasua, ilianza na ndugu wa konokono wetu, na maswali inayoyajibu kwa koa wa bahari ndiyo yanayotusumbua kando ya ziwa hili.

Eksirei ilivumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Picha moja ya eksirei ina kasoro ambayo kila aliyewahi kushika filamu ya kifua ameiona: vitu vyote vilivyokuwa njiani vimelaliana. Mbavu ya mbele imekaa juu ya mbavu ya nyuma, moyo juu ya uti wa mgongo. Mionzi ilipopita ilipungua, na filamu inakuambia imepungua kiasi gani kwa jumla, bila kusema ni kipi kimeipunguza na kipo kina gani.

Mmoja wa waliolitatua hilo alikuwa Mwafrika Kusini. Allan Cormack, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa mwaka 1956 kusaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, na akaona kwamba madaktari walikuwa wakipanga tiba ya mionzi utadhani mwili wote ni kitu cha aina moja. Akatafuta hesabu ya kujua kila sehemu ya ndani inapunguza mionzi kiasi gani, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Godfrey Hounsfield wa Uingereza alitengeneza mashine, hii tunayoiita CT-Scan, mgonjwa wa kwanza akapimwa London mwaka 1971, na mwaka 1979 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hesabu yenyewe si ya kutisha ukiianza kwa udogo. Chukua mraba wenye vyumba vinne, kila kimoja kina namba uliyofichwa. Unaambiwa safu ya juu ikijumlishwa ni 4 na ya chini ni 6, kwamba nguzo ya kushoto ni 5 na ya kulia ni 5. Unaweza kuweka 3 na 1 juu, 2 na 4 chini, na jumla zote zikatimia. Lakini ukiweka 2 na 2 juu, 3 na 3 chini, zinatimia vilevile. Umetazama pande mbili na bado hujui. Sasa upewe jumla moja zaidi, ya mshazari kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, nayo ni 7. Jibu la pili linaanguka palepale, maana lenyewe linatoa 5. Jumla ni zile filamu za eksirei, vyumba ni sehemu za mwili, na kila pembe mpya ya kutazama inafuta majibu ya uongo. Mwili halisi una vyumba mabilioni, hivyo pembe zinazohitajika ni mamia na maelfu.

CT-Scan ya hospitali, aina anayolazwa mgonjwa Bugando, inahesabu vyumba vya karibu nusu milimita hadi milimita moja kila upande. Kwa ini la binadamu inatosha. Koa wa milimita 3 angetoka kama vidoa vichache. Ili kumwona inabidi vyumba viwe vya mikromita chache, na hapo ndipo inapoingia maikro-CT. Humo mnyama ndiye anayezungushwa mbele ya eksirei, hatua kwa hatua, na kupigwa picha elfu moja hadi elfu tatu kwa mzunguko mmoja. Kwa kuwa ameshakufa, anaweza kuachwa kwenye mionzi kwa saa kadhaa.

Ukuzaji wenyewe unaweza kuujaribu nyumbani umeme ukikatika. Washa tochi ya simu, weka kidole karibu na tochi, na kivuli kitajaa ukuta. Usogeze kidole karibu na ukuta, kivuli kinarudi udogo wake. Maikro-CT inafanya hivyohivyo: mnyama anawekwa karibu kabisa na chanzo cha eksirei, na kipokezi kinawekwa mbali. Kuna sharti moja. Chanzo kikiwa kipana, ukingo wa kivuli unafifia, kwa hiyo doa linalotoa mionzi lazima liwe dogo mno. Sehemu kubwa ya gharama ya mashine hizi imelala hapo.

Watafiti wawili wa Uingereza, James Elliott na S. D. Dover, walichapisha mwaka 1982 picha za mwanzo za njia hii. Kitu walichokipiga kilikuwa gamba la *Biomphalaria glabrata*, konokono wa maji baridi wa Amerika ya Kusini na Karibi. Jenasi hiyohiyo ya *Biomphalaria* ndiyo inayobeba kichocho cha tumbo kwenye mialo yetu, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe.

Gamba lilikuwa chaguo la busara kwa sababu ni chokaa, na kalisi inazuia eksirei vizuri. Nyama laini haizuii. Misuli, tezi, neva na utumbo wa koa vyote vimejengwa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni, elementi nyepesi ambazo mbele ya eksirei zinafanana mno. Ukimpiga koa picha hivyohivyo alivyo, unapata wingu la kijivu. Kwa miaka mingi watu wa mifupa na magamba walifaidi maikro-CT huku watu wa wanyama laini wakibaki na visu vyao.

Kilichofungua mlango ni ayodini, elementi ileile tunayoiita madini joto kwenye chumvi. Uwezo wa elementi kuzuia eksirei unapanda kwa kasi kubwa kadiri namba yake ya atomu inavyopanda. Kaboni ni 6, kalisi ni 20, ayodini ni 53. Mnyama akiloweshwa kwenye ayodini, kila tishu inainywa kwa kiwango chake, na tofauti ambazo hazikuonekana zinajitokeza. Kuna pia asidi yenye tangsteni, elementi namba 74, ambayo hushika zaidi kwenye protini. Mwaka 2009 Brian Metscher wa Chuo Kikuu cha Vienna alichapisha maelekezo mepesi ya kutumia rangi hizi kwa wanyama wa kila namna, na tangu hapo kazi ikasambaa.

Kila rangi ina madhara yake na anayeitumia lazima ayajue kabla. Ayodini huingia haraka lakini hunyweza tishu, hivyo vipimo vinavyochukuliwa baadaye si vya mnyama alivyokuwa hai. Ile ya tangsteni huingia polepole sana, na kwa sababu ni asidi, inayeyusha chokaa. Wapo koa wa bahari ambao ngozi yao imejaa vijiti vya chokaa visivyoonekana kwa macho, na mpangilio wa vijiti hivyo ni sehemu ya utambulisho wao. Ukiwatia kwenye asidi umefuta ushahidi huku ukiamini umewahifadhi. Uzuri wa ayodini ni kwamba sehemu kubwa ya rangi inaweza kuoshwa, na sampuli ikarudishwa kwenye chupa yake ikiwa nzima.

Mashine ikishamaliza, kompyuta inatoa mchemraba wa namba. Kila chumba kidogo, kinachoitwa vokseli, kina namba moja inayosema mahali hapo palizuia eksirei kiasi gani. Hakuna zaidi ya hapo. Mchemraba wenye vokseli 2,000 kila upande una vokseli bilioni 8, na vokseli moja ikichukua baiti mbili, faili ni gigabaiti 16.

Hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Zile picha nzuri tunazoziona, koa akizunguka kwenye kioo huku ini lake ni kahawia, neva njano, viungo vya uzazi buluu na waridi, hazikutoka kwenye mashine. Rangi hizo amezitia mtu. Alikaa mbele ya kompyuta akipitia picha za kijivu moja baada ya nyingine, akaamua kwamba mpaka wa tezi hii unaishia hapa na mrija ule unaanzia pale. Programu inasaidia kukisia katikati, lakini uamuzi ni wa binadamu, na unaweza kumchukua wiki kwa mnyama mmoja. Pale ambapo tezi mbili zimegusana na zimekunywa ayodini sawa, hakuna mpaka kwenye namba. Kuna mpaka kwenye elimu ya anayetazama. Watafiti wawili waliobobea wanaweza kutofautiana kuhusu mrija mmoja, na kama mrija huo ndio unaotenganisha jenasi mbili, tofauti yao inaingia kwenye jina la mnyama.

Kwa hiyo mimi naiona picha ya rangi kuwa hoja, na ushahidi wake ni ule mchemraba wa kijivu. Makala inayotuonyesha picha bila kutoa mchemraba inatutaka tuamini tu. Kwa bahati nzuri yapo maghala ya wazi ya kuhifadhi data hizi, MorphoSource likiwa mojawapo, na mtafiti aliyeko popote anaweza kulipitia upya koo la mnyama asiyeweza kumshika.

Kuna mambo ambayo maikro-CT ya maabara haiyawezi. Seli mojamoja haionekani. Neva nyembamba zinapotea. Meno ya radula ya koa mdogo yanahitaji hadubini ya elektroni, maana ncha na kingo zake ni ndogo kuliko vokseli. Mitambo mikubwa ya sinkrotroni, inayotoa eksirei kali mno, mfano ule wa Grenoble nchini Ufaransa, inaona vizuri zaidi kwa kutumia jinsi mionzi inavyopinda kidogo kwenye mipaka ya tishu, lakini Afrika nzima haina mtambo mmoja wa aina hiyo. Maikro-CT za kawaida zipo barani, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kikiwa na maabara yake. Na rangi ya koa akiwa hai, ambayo mara nyingi ndiyo uzuri wake wote, eksirei haina habari nayo.

Turudi ufukweni kwetu. Inua jani la gugumaji palipotulia na utakuta *Biomphalaria*, gamba la kahawia lililojiviringa bapa, halifikii sentimita 2. Mtie aliye mdogo kwenye kisahani cha maji chini ya hadubini ya mkono na mwanga upite kwa chini: gamba linapitisha mwanga, na utaona moyo ukipiga. Damu ni nyekundu, kwa sababu konokono wa familia hii wana himoglobini, jambo ambalo si la kawaida kwa konokono. Mnyunyizie chembe za mentholi juu ya maji na umwache. Polepole anajinyoosha nje ya gamba, pembe zake ndefu nyembamba zinalegea, na ukimgusa kwa sindano harudi ndani. Hapo ndipo wa kuhifadhiwa, akiwa amenyooka. Ukimtumbukiza kwenye fomalini akiwa macho anajikunja mpaka ndani kabisa, na viungo vyake vinabanana kiasi kwamba mashine bora kuliko zote haitavitenganisha. Kwa koa wa bahari hutumika magnesiamu kloraidi badala ya mentholi, lengo likiwa lilelile.

Kwa nini tumjue ndani konokono huyu? Robert Leiper alithibitisha Misri mwaka 1915 kwamba vijidudu vya kichocho lazima vipitie kwa konokono. Vikishaingia, huzaliana kwenye tezi yake ya mmeng'enyo, na konokono aliyeambukizwa hupunguza au huacha kutaga mayai. Halafu serkaria, yaani lava wa kichocho, hutoka kwa maelfu wakati wa mchana, muda ambao watoto wanaogelea na kina mama wanafua na kuchota maji. Si kila konokono anapitisha kila kichocho: cha tumbo kinahitaji *Biomphalaria*, cha mkojo kinahitaji *Bulinus*. Kuweka dawa ya kuua konokono mahali ambapo konokono si wenyewe ni kupoteza fedha na kuua viumbe bure.

Na kuwatofautisha kwa gamba kumewahi kutupoteza. Vitabu vilitaja *Biomphalaria sudanica* kwenye matete na mafunjo ya kando ya ziwa, na *Biomphalaria choanomphala* kwenye mchanga wa maji ya wazi, magamba yao yakitofautiana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba ndani ya Ziwa Victoria hao ni maumbo mawili ya spishi moja, kila moja likichongwa na mazingira yake. Vinasaba vilitoa jibu la nani ni nani. Havikueleza mwili mmoja unawezaje kujijenga kwa namna mbili, wala kama tofauti ya umbo inaendana na tofauti ndani, kwa mfano idadi ya vijitawi vya tezi dume ambavyo wataalamu wa zamani walivihesabu kwa mkono. Swali la namna hiyo linataka konokono wengi wakiwa wazima, viungo vikiwa mahali pake, na maikro-CT imetengenezwa kwa maswali hayo hasa.

Ziwa hili lina jambo jingine la kusikitisha zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kukusanya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, katika Ghuba ya Mwanza. Miaka ya 1980 sangara wakafurika na furu wa spishi nyingi wakatoweka kwenye nyavu. *Haplochromis ishmaeli* alikuwa mmojawapo, furu aliyeponda konokono kwa taya za pili zilizoko kooni. Taya hizo ndizo zinazosema furu gani alikula nini, na kwa kawaida kuzitoa ni kumpasua samaki. Wale waliomo kwenye chupa za Leiden hawana wa kuwafidia. Mfupa hauhitaji hata ayodini. Samaki anaingia kwenye mashine akiwa mzima na anarudi chupani akiwa mzima.

Kwa vijana wa hapa wanaokusanya viumbe wa ziwa leo, iwe kwa shahada au kwa mradi, mpangilio wa kazi ni huu. Piga picha mnyama akiwa hai, na rangi zake, pamoja na rula pembeni. Mlegeze kabla ya kumuua. Kata kipande kidogo cha mguu ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba, kwa sababu fomalini huviharibu. Mwili uliobaki uweke kwenye fomalini iliyopunguzwa asidi, vinginevyo gamba litaliwa taratibu ndani ya chupa. Andika mahali na tarehe kwa penseli kwenye karatasi inayoingia chupani pamoja na mnyama, maana wino unayeyuka kwenye spiriti. Mashine inaweza kuwa Stellenbosch au Vienna, lakini kuutia rangi mchemraba kunafanyika kwa programu ya bure inayoitwa 3D Slicer, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 hivi, na hilo linawezekana Mwanza.